Fleti ya zamani ya kupangisha: pesa uiweke ukutani au kwenye mabomba?

Maghorofa mengi ya Upanga, Kisutu na Kariakoo jijini Dar es Salaam, yale ya ghorofa tatu au nne yenye ngazi za terazo na baraza nyembamba zinazotazama barabara, ni ya kabla ya Uhuru au ya miaka michache baada yake. Baadhi yalitaifishwa mwaka 1971 yakawa chini ya Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Mengine yamebaki kwa familia. Na tangu sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, fleti moja inaweza kuwa na hati yake yenyewe. Kwa hiyo si ajabu siku hizi kumkuta mtu mwenye vyumba viwili na sebule ghorofa ya pili, alivyoachiwa na mzee wake, na hana kingine katika jengo hilo.

Huyo ndiye ninayemwandikia. Mpangaji wake wa zamani ametoka. Dalali amepita, ameangalia huku na huku, akasema: weka jipsamu, tailizi na rangi nyeupe, nitakuletea mtu wa laki sita. Fundi naye ana orodha yake, ndefu zaidi. Mfukoni kuna milioni chache, na hazitoshi orodha zote mbili. Hapa chini nimeweka machaguo ubavu kwa ubavu, na pale nilipo na upande nitasema wazi.

Kama wewe ni mpangaji wa Shirika na si mmiliki, anza na mkataba wako. Kubomoa au kubadilisha chochote bila ruhusa ya maandishi ni kutafuta kesi.

Njia tatu, kwa hesabu

Tuchukue fleti ya mfano inayopangishwa kwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Tarakimu za jedwali hili nimeziweka ili uone hesabu inavyokwenda. Weka bei za mafundi wako na kodi ya mtaa wako, kisha upige upya.

| | Rangi, vitasa na taa | Maji, choo, jiko na umeme | Kila kitu |
|---|---|---|---|
| Gharama ya kazi | 1,200,000 | 5,000,000 | 14,000,000 |
| Muda fleti inakaa tupu | nusu mwezi | mwezi 1 | miezi 3 |
| Kodi inayopotea | 250,000 | 500,000 | 1,500,000 |
| Kodi itapanda kwa mwezi | 30,000 | 100,000 | 200,000 |
| Nyongeza baada ya kodi ya zuio (ya serikali) ya asilimia 10 | 27,000 | 90,000 | 180,000 |
| Miezi ya kurudisha pesa | 54 | 61 | 86 |

Ukiishia kwenye mstari wa mwisho utasema rangi imeshinda. Watu wengi huishia hapo. Lakini jiulize rangi yenyewe itakaa muda gani. Ukuta wenye maji ndani hautasubiri miezi 54. Masika moja au mbili, rangi inatoka magamba, na baada ya miaka miwili unamwita fundi tena. Katika miezi hiyo 24 nyongeza yako ya kodi imekuletea 648,000, nawe ulitumia zaidi ya milioni moja na laki nne. Njia ya kwanza inalipa pale tu fleti ilipo kavu na mabomba yakiwa mazima. Hapo, kwa kweli, usifanye zaidi ya rangi.

Njia ya tatu ina ugonjwa mwingine. Miaka saba na ushei ni mingi, na kodi ya fleti haipandi kwa kufuata gharama zako, inafuata mtaa. Jengo likiwa na ngazi chafu na maji ya kubeba kwa ndoo, hata ukiweka marumaru ndani, mpangaji wa milioni hatapanda ngazi hizo. Ukarabati mzima una maana ukiwa na sakafu nzima ya jengo au jengo lote, au kama fleti imeharibika kiasi kwamba haikaliki.

Jambo ambalo jedwali halionyeshi ni wapangaji kuhama. Mwezi mmoja mtupu ni laki tano, yaani zaidi ya miezi mitano ya ile nyongeza ya 90,000. Mpangaji wa Dar hahami kwa sababu dari haina jipsamu. Anahama kwa sababu maji hayapandi, choo kinazibuliwa kila wiki, chumba cha mtoto kinanuka ukungu, au meinswichi inakata kila pasi inapochomekwa. Ndiyo maana mimi niko na njia ya kati, na sehemu kubwa ya makala hii ni juu yake.

Bomba za chuma: kuziba au kung'oa?

Fleti ambayo haijaguswa tangu miaka ya sitini ina bomba za chuma zilizopakwa zinki, zile mafundi wanazoziita GI. Zinki ikishaliwa, kutu inajaa kwa ndani mpaka tundu la nusu inchi linabaki kama la kalamu. Maji ya visima, ambayo sehemu nyingi za Dar yana chumvi, yanaharakisha kazi hiyo. Dalili ni rahisi: asubuhi maji ya kwanza yana rangi ya chai, na ukifungua koki ya jikoni, ya bafuni inakufa.

Kuziba kunaonekana rahisi. Fundi anakata kipande kibovu, anaweka kipya, anachukua chake anaondoka. Tatizo ni kwamba bomba la GI ni jembamba zaidi pale lilipochongwa nyuzi za kuungia, na hizo ndizo sehemu zinazooza kwanza. Spana ikikaza kiungo kimoja, cha jirani kinapasuka. Kama bomba linaonekana kwa nje na umri wake si mkubwa, ziba. Kama limo ukutani tangu ukoloni, kila kuziba ni malipo ya awamu ya kazi ileile utakayoifanya baadaye.

Bomba za PPR, zile za plastiki zinazounganishwa kwa kuyeyushwa kwa pasi ya moto wa nyuzi 260 hivi, hazishiki kutu na zinabeba maji ya moto. Adui zake ni wawili. Jua: bomba likipita nje juu ya paa bila kufunikwa, linakauka na kupasuka. Na fundi mwenye haraka: akilizamisha kupita kiasi, plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani na kuziba nusu ya tundu, na hutaiona kamwe. Kingine ni ukubwa. PPR ya milimita 20 hupimwa kwa nje. Ile yenye ukuta mnene ina tundu la milimita 13 tu. Ukitoka na 20 kwenye tanki mpaka jikoni utalalamika presha ndogo na kumlaumu DAWASA bure. Njia kuu iwe 25, kisha 20 kwa vipande vya mwisho vya kwenda kwenye koki.

Bomba za PVC za gundi ni za bei rahisi kuliko PPR na kwa maji baridi zinafaa. Usizitumie kwa maji ya moto. Mpangaji akileta hita yake mwenyewe, na wengi huleta, viungo vitalegea.

Halafu kuna ugomvi wa kuzika bomba ukutani au kulipitisha juu ya ukuta. Dalali anachukia bomba linaloonekana. Mimi kwa nyumba ya kupangisha nalipenda. Kuchimba ukuta wa zamani ni kuvunja lipu, tailizi na usingizi wa jirani, na siku bomba likivuja unavunja tena. Bomba lililopita kwenye kona, likafungwa vizuri kwa klipu na kupakwa rangi ya ukuta, halisumbui jicho baada ya wiki moja, na likivuja unaliona siku hiyohiyo. Ukizika, basi kabla ya lipu kupigwa bomba lijazwe maji na kupimwa kwa pampu ya presha, lilale hivyo usiku kucha. Wewe uliyeko Maskati au London na kazi inasimamiwa na ndugu, omba video ya mshale wa geji jioni na nyingine asubuhi. Geji haijui undugu.

Weka koki ya kufungia maji kila chumba chenye maji. Ni pesa ndogo na inaokoa ugomvi mwingi.

Bomba la kushushia maji machafu ni habari tofauti, kwa sababu si lako peke yako. Katika majengo haya mara nyingi ni bomba moja la chuma linaloshuka nyuma ya vyoo vyote, ghorofa ya nne hadi chemba ya chini. Likipasuka, ukuta wa nyuma unaota weusi na majani. Kubadilisha kipande cha ghorofa yako tu na kuacha vingine ni kuunga kipya kwenye kilichooza. Hapo chaguo la nafuu ni kikao: wenye fleti zinazotumia bomba hilo wachange, libadilishwe lote kwa PVC ya inchi nne. Vikao vya majirani vinachosha, najua. Bado ni rahisi kuliko kila mmoja kuzibua kivyake mwaka mzima.

Ukuta wenye unyevu: rangi, kifuniko au lipu mpya?

Kabla ya kulinganisha tiba, jua maji yanatoka wapi, maana tiba ya moja haiponyi nyingine. Kata kipande cha nailoni cha ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, kiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta matone upande wa nje, unyevu ni wa hewa ya chumba: mvuke wa jikoni, nguo zinazoanikwa ndani, dirisha lisilofunguliwa.

Maji ya ukutani nayo yana njia zake. Ghorofa ya chini yanapanda kutoka ardhini, na utaona mstari wa chumvi nyeupe chini ya usawa wa kiuno. Ghorofa ya juu kabisa yanatoka kwenye paa la zege. Ghorofa za kati, asilimia kubwa ya lawama ni ya bafu la jirani wa juu.

Sasa tiba. Ya kwanza, ambayo ni ya bei rahisi na maarufu, ni rangi ya mafuta: "haipitishi maji." Kweli haipitishi, na ndiyo shida. Maji yaliyo ndani yanatafuta pa kutokea, yanaisukuma rangi, inavimba kama andazi na kupasuka. Kwenye ukuta unaopumua unyevu, rangi ya maji ya kawaida ni bora kuliko rangi ya mafuta ya bei mbaya.

Ya pili ni kufunika: mbao za PVC au jipsamu juu ya ukuta mbovu. Inapendeza siku ya kuonyesha fleti. Nyuma yake ukungu unastawi gizani, na mende wanapata makazi yenye maji na kivuli. Siipendekezi popote, isipokuwa kama unataka kuuza na hutaki kumwona mnunuzi tena, jambo ambalo nalo silipendekezi.

Ya tatu ni kubandua lipu. Bandua mpaka kwenye tofali, upite nusu mita juu ya mstari wa chumvi, acha ukuta ukauke kwa wiki kadhaa feni ikipuliza, kisha piga lipu mpya yenye dawa ya kuzuia maji na mchanga usio na chumvi. Kama chumvi ilitokana na mchanga wa ufukweni uliotumiwa na wajenzi wa kwanza, hakuna rangi duniani itakayoifunga. Tiba hii ni ghali kwa mita moja ya mraba, ila mara nyingi inahitajika kwa ukuta mmoja tu, si nyumba nzima. Fundi atakwambia nyumba nzima. Mwoneshe vipande vyako vya nailoni.

Na pale maji yanapotoka juu, tiba ya nafuu kuliko zote iko nje ya fleti yako. Panda kwa jirani, kwa adabu, mkubaliane kujaribu: azibe tundu la bafu lake kwa kitambaa, ajaze maji vidole viwili, yalale saa 24. Dari lako likilowa, jibu mnalo. Kuchangia nusu ya kukarabati sakafu ya bafu lake, yaani kubandua tailizi, kupaka dawa ya kuzuia maji mpaka juu ya ukuta kidogo, na kurudishia, kunauma. Lakini dari lako utalipaka rangi kila mwaka wakati maji ni yaleyale. Wenye fleti wakiwa na chama chao cha jengo kama sheria ya 2008 inavyotaka, mazungumzo haya huwa mepesi zaidi.

Sakafu: terazo ya zamani au tailizi mpya

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila sababu. Terazo ni saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe ya marumaru, ikasuguliwa mpaka ikalainika. Ile ya miaka ya hamsini na sitini ilimwagwa na mafundi waliokuwa wanaijua kazi, na unene wake unaruhusu kusuguliwa tena. Uchafu unaouona ni miaka sitini ya nta, sabuni na rangi iliyodondoka. Mashine ya kusugua yenye mawe ya almasi, kutoka ya kukwaruza kwenda laini, kisha dawa ya kuziba vitundu, inairudisha. Nyufa zinajazwa saruji yenye rangi inayokaribiana kabla ya kusugua. Zitaonekana kidogo. Ni sawa.

Tailizi zikiwekwa juu ya terazo zinaongeza karibu sentimita mbili. Ina maana milango yote ikatwe chini, na kizingiti cha bafu, kilichokuwa kinazuia maji, kinabaki usawa mmoja na sebule. Zinaongeza uzito pia juu ya zege la umri wa wazee. Ukiamua kuvunja terazo kwanza, umelipia kuharibu sakafu nzuri ili ununue ya wastani.

Tailizi zina nafasi yake: pale ambapo sakafu ni niru iliyobanduka, au terazo imevunjwavunjwa kupitisha mabomba kiasi cha kutotibika. Bafuni chukua ndogo, 30 kwa 30, zenye uso wa kukwaruza. Ndogo zinafuata mteremko wa kwenda kwenye tundu, kubwa zinasimamisha maji. Sebuleni, porseleni inakunywa maji chini ya asilimia 0.5 na inavumilia kuburutwa makochi, kitu ambacho seramiki ya bei ya chini haiwezi. Nunua boksi moja zaidi ulifiche stoo, kwa sababu rangi hiyo hutaipata tena baada ya miaka mitatu.

Mpangaji wa terazo aambiwe mapema asimwage ndimu, siki wala asidi ya kusafishia choo. Asidi inakula saruji na marumaru papo hapo.

Dirisha la zamani linapitisha upepo, jipya linateleza

Madirisha ya alumini ya kuteleza yamekuwa sare ya mji. Yanapendeza, yanazuia vumbi na kelele. Lakini dirisha la kuteleza linafunguka nusu tu. Nusu nyingine ni kioo juu ya kioo. Fleti hizi zilijengwa kabla ya viyoyozi, na aliyezichora alitegemea upepo uingie kutoka baharini upande mmoja na kutokea jikoni. Luva za vioo zinafunguka karibu zote. Ukiziondoa, unamlazimisha mpangaji kuwasha feni mchana kutwa, na ule unyevu wa hewa uliopima kwa nailoni unaongezeka.

Kwa hiyo: fremu za chuma zikiwa nzima, kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, badilisha vioo vilivyovunjika, weka wavu mpya wa mbu. Fremu zikiwa zimeoza na kuvimba mpaka zinapasua zege, ng'oa, uweke alumini ya kufunguka kwa bawaba badala ya kuteleza. Inagharimu zaidi kidogo, inapitisha hewa mara mbili. Upande unaotazama barabara yenye malori, kubali ya kuteleza; kelele nazo zinahamisha watu.

Umeme hauna upande wa pili

Hili silinganishi sana. Nyaya za miaka ile mara nyingi hazina ethi (waya wa kwenda ardhini), na ala zake zimekauka kiasi kwamba zinavunjika ukizikunja. Zilipangwa kwa balbu na redio. Leo kuna friji, pasi, jiko la umeme na hita ya kuogea. Kubadilisha soketi peke yake na kuacha nyaya ni kumvalisha mgonjwa suti. Nyaya za milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na njia ya peke yake yenye waya mnene zaidi kwa hita na jiko. Weka kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na uone leseni yenyewe.

Chaguo la kweli lililopo ni LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Mita moja ya kugawana kwa fleti mbili inakuokolea gharama ya kuunganishwa leo. Kila mwezi utakuwa hakimu wa nani amewasha hita. Omba mita ya peke yake. Maji vivyo hivyo: mita ndogo ya kila fleti hulipa kwa amani tu, hata kabla ya pesa.

Yaliyobaki, kwa haraka

Dari la zege halihitaji jipsamu. Jipsamu chini ya bafu la jirani itakuficha uvujaji mpaka siku itakapodondoka mezani. Skimu nyepesi (lipu nyembamba ya kusawazisha) na rangi nyeupe inatosha, na urefu wa chumba unabaki, ambao ndio uzuri wenyewe wa fleti hizi.

Kabati za jikoni za MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, zinavimba miguuni kwa maji ya kudeki. Meza ya zege yenye tailizi au terazo juu, na milango ya alumini chini, si ya kupigwa picha lakini itawapita wapangaji watano. Milango ya mbao ngumu iliyokuwemo tangu mwanzo, hata ikiwa na tabaka kumi za rangi, ni bora kuliko mingi ya kununua leo: kwangua, badilisha bawaba na kitasa. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo kwangua kwa msasa wa maji, si mkavu, na watoto wasiwepo.

Choo chenye tanki la lita 9 au zaidi kibadilishwe na cha kubonyeza mara mbili, lita 3 na 6. Pale maji yanaponunuliwa kwa boza, mpangaji ataiona tofauti mwezi wa kwanza.

Kuna vitu vitatu vya kutogusa bila mhandisi na kibali cha halmashauri. Nguzo na mihimili, hata kama dalali anataka sebule na jiko viwe kitu kimoja. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 bado liko machoni mwetu. Mabati, dari au bomba za asbesto: usizitoboe, usizikate, usizivunje kwa nyundo. Na tanki jipya juu ya paa: lita 2,000 za maji ni tani 2, na zege lile halikuulizwa kama litazibeba.

Mpangaji yumo au ametoka?

Kukarabati fleti ikiwa tupu ni haraka na mafundi wanapumua. Inakugharimu kodi. Kukarabati mpangaji akiwemo kunaokoa kodi hiyo, lakini si kazi zote zinawezekana. Milango, madirisha, choo na sinki, meza ya jikoni: mwache akae, mpangie siku. Nyaya, mabomba ya ndani ya ukuta, kubandua lipu na kusugua terazo: vumbi na matope havikaliki, subiri atoke.

Kuna njia ya katikati ambayo watu hawaitumii vya kutosha. Mpangaji mzuri anapokaribia kulipa miezi sita ijayo, mkubaliane kwa maandishi kwamba sehemu ya pesa hiyo inaingia kwenye choo na mabomba ya nje mara moja, na nyongeza ya kodi inaanza miezi sita baada ya hapo. Yeye anapata maji sasa, wewe hupotezi mwezi wala hukopi.

Mlipe fundi kwa hatua na si kwa siku: sehemu vifaa vikifika, sehemu bomba likishapita kipimo cha presha usiku kucha, sehemu lipu ikikauka, na kiasi kidogo kibaki mkononi mwako mpaka mvua ya kwanza kubwa ipite. Kama unaanza kazi Januari, mvua hiyo haiko mbali.